Asante Iliyokosea Nyumba

Mtu akileta msaada kwenye nyumba ya wazee iliyo nyuma ya soko, kabla hajakaribishwa kiti, mama wa mapokezi humwuliza swali moja: "Na nyumbani mmekubaliana?" Meneja analichukia swali hilo kama anavyowachukia wakaguzi. Juzi bwana mmoja alileta televisheni nzuri, bado imo kwenye boksi lake, akaulizwa, akakuna kisogo, akairudisha kwenye gari na kuondoka nayo, na wazee walikuwa wameshapanga viti mbele ya ukuta. Siku nzima hakuna aliyemsemesha mama wa mapokezi. Mwenyewe hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini, maana swali lile hakuliokota barabarani. Lilimjia kwa njia ya tangi.

Jina lake halisi analo, limo kwenye kitambulisho, ila halina kazi. Mtaa mzima unamwita Bi Asante. Mumewe, dereva mstaafu mwenye maneno machache, naye humwita hivyo hivyo, na ana haki, kwani katika ndoa yao ameshashukuriwa kwa kupisha mlangoni, kwa kusogeza chumvi, na asubuhi moja kwa kutokoroma.

Alilelewa hivyo. Mama yake mzazi alikuwa mpole kwa mengi na mkali kwa moja. Mtoto akitumwa kwa jirani kuomba kaa la moto, akarudi bila kushukuru, alirudishwa na kaa lake kwenye kigae akashukuru kwanza, hata kama jiko lilikuwa linangoja. "Asiyeshukuru kidogo, hata kikubwa hatashukuru," mama alisema, na hakuwa mtu wa kubishiwa. Basi mtoto akazoea kushukuru mara mbili, moja ya jirani na nyingine ya akiba, asije akarudishwa njia yote ile. Alipofika utu uzima akiba ilikuwa imefurika.

Nyumba ile ya wazee iliishi kwa hisani. Magodoro, sabuni, balbu za ukumbini, vyote vilitoka kwa watu wenye huruma, na watu wenye huruma, kwa maoni ya meneja, ni kama kuku wa jirani: wakimwagiwa mtama hurudi. Bi Asante aliajiriwa kupokea simu na kuandikisha wageni. Siku moja meneja akamsikia akimshukuru kwa kirefu mtu aliyekosea namba, akaona hiki kipaji kisipotee bure, akamwongezea kazi ya kuwashukuru wafadhili.

Hapo ndipo samaki alipopewa bahari. Mfadhili akitoa kitu, jioni ile ile anapigiwa simu, na simu ya Bi Asante haikuwa ya kusikiliza umesimama. Baadaye kinafuata cheti chenye fremu. Mwisho, na hili ndilo alilolipenda kuliko yote, jina la mtoaji linaandikwa juu ya kitu chenyewe ili lisisahaulike. Mwalimu mmoja alitoa sahani, basi jina lake likakaa katikati ya kila sahani, na mzee akimaliza supu mwalimu anamtokea. Mkuu wa polisi mstaafu alitoa benchi. Kuna bibi aliyekataa katakata kulikalia, akasema hawezi kumkalia mtu aliyewahi kumkamata mwanawe. Fundi cherehani alitoa mashuka, akashukuriwa, akashukuriwa tena, na mwaka uliofuata akatoa mengine kwa sharti moja tu, kwamba asipigiwe simu. Bi Asante alimpigia kumshukuru kwa sharti hilo.

Watu walimwambia imetosha. Meneja alimwambia, wafadhili walimwambia, mumewe alimwambia kwa macho. "Imetosha, mama," ndiyo sentensi aliyoisikia kuliko nyingine zote maishani mwake, na aliipokea vizuri, akashukuru.

Kazi ya kuandika majina ilikuwa ya Mzee Rangi. Huyu alikuwa mkaazi wa chumba cha mwisho, mchora mabango wa zamani aliyepaka nusu ya maduka ya mji ule enzi zake. Mkono ulikuwa bado upo, imara kabisa. Macho ndiyo yaliyotangulia kustaafu. Kwa hiyo alikuwa na kipimo chake cha kazi: anaandika, anarudi kwenye kiti chake barazani, anatazama. Akiliona jina, kazi imekwisha. Asipoliona, anarudi kuliongeza. Kwenye sahani na mabenchi kipimo hicho hakikumdhuru mtu, kwa kuwa kitu chenyewe kidogo.

Kisha akaja Mzee Nondo. Alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa saruji, mabati na misumari, na hilo la Nondo lilimkaa kwa sababu ya alichouza na kwa sababu hakupinda upesi. Siku hiyo alikuwa ameleta saruji ya kukarabati vyoo, saruji ya kununuliwa, biashara tu. Juu ya lori, nyuma ya mifuko, lilikaa tangi jeusi la plastiki, kubwa, jipya, limefungwa kamba.

Mji ule maji ya bomba huja kwa zamu. Zamu isipokuwa yako, unachota ng'ambo ya barabara, na wazee walikuwa wanachotewa na wahudumu wawili wenye migongo ya kuhesabika. Kuoga kulikuwa kwa zamu pia. Wapo mabibi walioacha kunywa maji tangu alasiri ili wasiende chooni na kumaliza ndoo ya wenzao. Siku ile bibi mmoja, mwembamba kama fimbo, alikuwa ameamua kujichotea mwenyewe, akavuka geti na kindoo chake, maji yakimrukia miguuni. Mzee Nondo alimtazama mpaka akafika barazani. Halafu akawaambia vijana wake washushe na lile tangi.

Bi Asante alitoka mbio, miwani ikimning'inia shingoni, aulize jina la kuandika kwenye cheti. Mzee Nondo alikuwa ameshapanda lori. "Tenda wema nenda zako," alisema, na kweli akaenda zake. Bi Asante akabaki getini, mdomo umejaa shukrani na hakuna wa kumpa. Alipopata namba ya duka akapiga jioni ile. Alisikilizwa hadi mahali pa kuvuta pumzi, akaambiwa imetosha, mama, na simu ikakatwa.

Shukrani iliyozuiwa hutafuta pa kutokea. Yake ilitokea kwenye rangi. Tangi lilikuwa bado limelazwa uani, likingoja mafundi wamalize nguzo za kulipandisha, akamwita Mzee Rangi na kumpa maneno: TANGI HILI NI HISANI YA MZEE NONDO. Mzee Rangi akaanza na jina, kwa kuwa ndilo lenye heshima. Akaandika, akarudi kitini, akatazama, hakuona. Akaongeza. Akarudi, hakuona. Rangi nyeupe juu ya plastiki nyeusi ilikuwa inazidi kunona, na Bi Asante alisimama pale akitazama asante yake inavyokua, wala hakusema neno. Mzee Rangi alipokuja kuliona jina lile kutoka kitini, kila herufi ilikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na nafasi ya maneno mengine haikuwepo. Tangi lilipandishwa juu ya nguzo hivyo hivyo, MZEE NONDO tupu, limeelekea barabara kuu. Ungelisoma ukiwa kituo cha basi. Mgeni wa mji angedhani nyumba nzima ni yake, na wazee pia.

Haikupita wiki, asubuhi moja akaingia mama wa makamo, mtaratibu, kitambaa kichwani, ndoo mbili mkononi. Alisalimia vizuri, akauliza hali za wazee. Bi Asante akamwuliza amsaidie nini.

"Nimekuja kuteka maji," yule mama alisema. "Kwenye tangi la mume wangu."

Bi Asante nusura amkumbatie. Mke wa mfadhili kaja kwa miguu yake! Alimkalisha, akamshukuru kwa niaba ya wazee, ya wahudumu na ya meneja. Alimweleza jinsi mumewe alivyo mtu wa watu, jinsi alivyoshusha tangi bila kuombwa, bila kusita, kama mtu anayeshusha kapu lake mwenyewe. Alimwonyesha cheti kilichokuwa kinangoja fremu. Alimpeleka uani akamwonyesha jina. Yule mama alisikiliza yote huku maji yakijaa ndoo, akasema neno moja tu, "Kumbe." Kisha akashukuru kwa maji, akaenda.

Kesho yake akarudi. Na keshokutwa. Ikawa desturi. Akifika mapema aliwasuka mabibi nywele, akawasomea magazeti ya zamani, akamsikiliza Mzee Rangi akitaja maduka aliyoyapaka. Wazee walimpenda upesi, wakamwita binti yao. Na kila asubuhi, bila kukosa, Bi Asante alimshukuru kwa wema wa mumewe, siku nyingine kwa kuongeza chumvi kidogo, na yule mama aliinamisha uso juu ya ndoo, akangoja zijae.

Kutoka pale kwenda kwake kulikuwa na njia mbili, fupi na ndefu. Yeye alipita ndefu, mbele ya duka la mumewe, ndoo moja kichwani na nyingine mkononi, wateja wakiwa wamejaa. Akiulizwa, alijibu kwa upole kwamba anatoka kuteka maji kwa wazee, nyumbani hakuna tangi. Wateja walimtazama muuza matangi. Kuna aliyesema kinyozi hajinyoi. Mwingine akacheka mpaka akasahau bei aliyokuwa anaipigania, akalipa iliyotajwa, na hata hiyo haikumfurahisha Mzee Nondo.

Basi Jumatano moja akaja mwenyewe, saruji bado kwenye nyusi. Bi Asante alisimama na mikono miwili mbele, tayari, lakini alinyanyuliwa kiganja. Mzee Nondo alisema Jumamosi anakuja na vijana wake na kamba, tangi linashuka. Bi Asante alimwambia jina linaweza kufutwa leo hii.

"Jina likifutwa, mke wangu atasahau kusoma?" Mzee Nondo aliuliza. "Nimemwambia namletea jingine, hataki. Anataka hili hili. Na mimi sipendi kutoa kitu nikakirudisha, lakini nyumba yangu imekuwa barafu, mama. Ananipakulia chakula vizuri, ananiamkia vizuri, hanigombezi. Bora angenigombeza."

Bi Asante, kwa mazoea, alimshukuru kwa kuwaarifu mapema.

Meneja alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa kupandisha sauti, lakini siku ile aliiteremsha, na hilo lilimtisha zaidi. Alisema ameona wafadhili waliosahau kutoa na waliokataa kutoa, ila mfadhili aliyeshukuriwa mpaka akaja kuchukua alichotoa, huyo ndiye wa kwanza. Hakuwa na namna ya kununua tangi jingine, na hilo Bi Asante alilijua kuliko yeye. Akamwambia, "Wewe ndiye uliyelishusha hata kabla ya Jumamosi. Tafuta namna lisishuke."

Jina walilifuta kwa petroli, ikawa kazi bure. Plastiki ilichubuka na MZEE NONDO likabaki pale pale, sasa kama kovu. Barazani habari zilikuwa zimeenea. Yule bibi mwembamba kama fimbo hakulalamika. Alikwenda jikoni akachukua kile kindoo chake, akakisuuza, akakiweka mlangoni mwa chumba chake. Bi Asante alikiona alipokuwa anapita.

Ijumaa mchana alivaa gauni lake la wageni, akabeba cheti, sasa kimetiwa fremu kubwa zaidi ya dhahabu, akaenda nyumbani kwa Mzee Nondo kuongea na mkewe, mwanamke kwa mwanamke. Njiani alipanga maneno. Angeanza na kumsifu mume, angeendelea kumsifu mume, kisha amwombe mke amhurumie mume kwa ajili ya wazee. Ilikuwa hotuba nzuri na aliishukuru mapema.

Alikaribishwa hadi uani, maana mwenyeji alikuwa anaosha vyombo na hakutaka maji yapoe. Bi Asante akaketi kwenye kigoda, fremu magotini. Aliona mabeseni matatu. Vyombo vilioshwa kwenye la kwanza, vikasuuzwa kwenye la pili, vikamaliziwa kwenye la tatu, kisha la tatu likawa la kwanza, na maji machafu yakaenda kwenye maua, hakuna tone lililoanguka bila kazi. Akafungua mdomo aanze kumsifu mume. Jicho likamponyoka, likaenda nyuma ya jiko.

Pale palikuwa na jukwaa la matofali, la duara, limepigwa lipu laini kwa mkono wa fundi anayejua. Juu yake hapakuwa na kitu ila kuku mmoja amelala. Kutoka ukuta wa jiko lilitokeza bomba jipya, limekuja mpaka ukingoni mwa duara lile, na mdomo wake umezibwa kwa kitambaa. Bi Asante alilitazama lile duara. Kila siku ya kazi alikuwa anapita chini ya tangi akienda stoo. Kitako chake alikijua kama anavyokijua kiti chake cha ofisini. Lingekaa pale bila kuzidi hata kidole.

Hotuba yote ilimtoka kichwani. Alitazama jukwaa, akatazama mabeseni, akakumbuka kila asubuhi aliyomsimamisha mwanamke huyu chini ya tangi lake mwenyewe na kumsifia aliyeligawa. Aliigeuza fremu, akailaza kifudifudi magotini.

"Lilikuwa linakuja hapa," alisema.

"Siku ile ile," mwenyeji alijibu, bila kuacha kuosha. "Nilikuwa nimeshamwondoa kuku." Akasuuza sahani mbili. "Jioni akaniambia kiwandani yameisha, lijalo ni langu. Likaja, akapata mteja. Likaja jingine, mteja. Nikasema sawa, ndiyo biashara. Halafu siku moja nashuka kwenye basi, nainua macho, naona jina lake."

Bi Asante alisema yule bibi aliyemtia huruma Mzee Nondo alikuwa amebeba ndoo.

"Najua. Ndiye ninayemsuka." Mwenyeji aliinua uso, na macho yake yalikuwa makavu lakini yamechoka. "Angekuja kuniambia, mke wangu, nimemwona bibi wa watu hivi na hivi, mimi ningesema mpe. Mimi nami ninabeba ndoo, najua uzito wake. Hakuna aliyeniuliza, mama. Nimetoa bila kujua natoa, na asante mmempa mwingine."

Bi Asante, aliyemshukuru mpaka aliyekosea namba, alisema nisamehe, mara moja tu, ikatoka ndogo. Hakuomba lolote kuhusu Jumamosi. Aliona haya kuomba. Alipofika njia panda ndipo alipokumbuka kwamba alipewa chai, akainywa yote, akatoka bila kuishukuru. Haijawahi kumtokea. Mama yake angemrudisha.

Jumamosi wazee waliamka mapema kuliko kuku. Kila chenye tumbo kilikuwa kimejazwa maji: ndoo, mabeseni, masufuria, birika la chai, hata vile vikombe vya kuwekea meno. Walikaa barazani wamejipanga, kimya, kama abiria wa safari wasiyoitaka. Mzee Rangi alishika brashi yake kwa sababu tu hakuwa na kingine cha kushika. Lori likaingia. Mzee Nondo alishuka, akasalimia chini chini, akawaelekeza vijana kwenye ngazi, na macho yake yalifanya kila juhudi yasikutane na ya yule bibi mwembamba.

Kamba ilikuwa imeshazungushwa mara moja pale mkewe alipotokea getini. Siku hiyo hakuwa na ndoo. Alipita barazani akawaamkia wazee mmoja mmoja, hakumruka hata mmoja, kisha akaenda akasimama chini ya nguzo na kuwaambia vijana wangoje.

"Baba," alimwambia mumewe, "tangi hili ni la nani?"

Mzee Nondo aliwatazama vijana wake, wakatazama kamba. "Si unajua."

"Mimi najua. Nataka wao wajue."

Mtu asiyepinda upesi hupinda kwa kelele, na Mzee Nondo alikohoa sana kabla ya kusema. "Ni la mke wangu," alisema. "Nilimnunulia yeye. Niliona aibu kumwambia nimelitoa."

"Basi kama ni langu," mkewe alisema, "natoa. Mara ya kwanza lilitoka bila mimi. Leo nalitoa mwenyewe. Fungueni kamba."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Yule bibi mwembamba aliinuka akaingia ndani, akarudi na kikombe, bila shaka kimoja kati ya vile vya meno lakini kimesuuzwa, amekijaza maji, akampelekea yule mama kwa mikono miwili. Yule mama akayanywa yote akiwa amesimama. Kisha watu wote wakageuka, kama waliopangwa, wakamtazama Bi Asante. Vijana waliketi juu ya mifuko, wakijua itachukua muda. Meneja alifumba macho.

Bi Asante alisogea mbele. Alikuwa na maneno. Tangu usiku alikuwa nayo ya kutosha kumshukuru mwanamke huyu mpaka wiki ijayo. Akamtazama mikono, vile vidole vilivyokunjamana kwa mabeseni matatu, na maneno yakapungua, yakapungua, likabaki moja.

"Asante, mama," alisema. Akarudi nyuma.

Meneja akafumbua jicho moja. Yule mama alikuwa bado ameshika kikombe kitupu.

"Sema tena," alisema.

Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia Bi Asante neno hilo. Alidhani hakusikia vizuri. Kisha akaona kwamba amesikia, na machozi yakamtoka bila yeye kuyapa ruhusa.

"Asante," alisema. "Asante, mama. Asante."

Yule mama alizipokea zote, moja baada ya nyingine, hakuna aliyoirudisha. Alipotosheka alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akamgeukia mumewe. Alingoja tu. Mzee Nondo alitazama viatu vyake vyenye saruji, akamtazama Bi Asante kama mtu anayeomba aazimwe, na Bi Asante, kwa mara ya kwanza, hakumsaidia mtu kushukuru.

"Asante, mke wangu," Mzee Nondo alisema mwishowe.

"Haya," mkewe alijibu. "Ndoo mbili ziko jikoni kwetu, nyuma ya mlango. Mpaka langu lifike, utateka wewe. Na upite njia ya dukani."